Kwa Nini Katriji ya Mafuta ya Bangi Huziba, na Namna ya Kuizibua bila Kujidhuru

Katika miji ya Marekani na Kanada ambako bangi huuzwa dukani kwa watu wazima, moja ya malalamiko ya kawaida ya wateja ni kifaa kinachokataa kuvutika. Mtu hununua katriji jioni, akaivuta mara mbili tatu, na asubuhi akaikuta imeziba kabisa. Hapo ushauri huanza kumiminika kutoka kila upande: huyu anasema kuziba ni dalili ya mafuta safi, yule anasema vuta kwa nguvu zote, mwingine anashauri katriji ipashwe kwa kiberiti, na hakosekani anayependekeza kuongeza matone ya mafuta mengine ili yaliyomo yalainike. Wa kwanza anakosea, wa pili anazidisha tatizo, wa tatu anaharibu kifaa, na wa nne anaweza kumfikisha mwenzake hospitali.

Maelezo yanayofuata yanahusu mahali ambapo bidhaa hii inauzwa kihalali. California ilifungua maduka ya watu wazima tarehe 1 Januari 2018. Kanada ilihalalisha bangi nchi nzima tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo, na kanuni za kuruhusu bidhaa za mvuke zikaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, iliruhusu matumizi ya watu wazima kuanzia 1 Agosti 2023. Tanzania na Kenya kukutwa na bangi ni kosa la jinai, na umbo la kalamu halibadilishi chochote mbele ya hakimu.

Tuanze na majina ya vitu. Katriji ni kichupa kidogo cha kioo au plastiki chenye mafuta yaliyotolewa kwenye mmea wa bangi, kwa kawaida nusu gramu au gramu moja. Chini yake pana skrubu ya chuma, ambayo mara nyingi ni ya kipimo kinachojulikana kwa namba 510, na skrubu hiyo hufungwa kwenye betri yenye umbo la kalamu. Juu yake pana mdomo wa kuvutia. Katikati ya kichupa hupita bomba jembamba, na kwenye kitako cha bomba hilo kuna kipande cha kauri chenye vinyweleo, ambacho ndani yake umefukiwa waya wa joto. Mafuta huifikia kauri kupitia matundu machache yenye upana wa milimita moja au mbili. Betri inapowashwa, waya hupata moto, mafuta yaliyonywewa na kauri hugeuka mvuke, na mvuke hupanda kupitia bomba hadi kinywani mwa mvutaji. Vifaa vya kutumia mara moja na kutupa vina mpangilio uleule, isipokuwa kichupa na betri vimeunganishwa kiwandani, na vingi havina kitufe bali kihisio kinachotambua hewa inayopita.

Hakuna pampu wala feni popote katika mfumo huu. Kinachosogeza mafuta ni uzito wake yenyewe, unyonyaji wa kauri na pumzi ya mtu. Kwa hiyo kila kitu kinategemea mnato, yaani ule ukaidi wa kimiminika kutiririka, na mnato wa mafuta ya bangi hubadilika sana kwa joto. Mkazi wa Limuru au Njombe anayejua jinsi mafuta ya nazi yanavyogoma kutoka kwenye chupa asubuhi ya Julai, ilhali chupa ileile ikipelekwa Tanga humiminika bila shida, ameshaelewa nusu ya jambo. Nusu iliyobaki ni kwamba mafuta ya nazi huganda kabisa yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, wakati mafuta ya bangi hayana kizingiti kimoja cha namna hiyo: huzidi kuwa mazito kidogokidogo kadiri baridi inavyoongezeka, mpaka yanaacha kusogea.

Mafuta yenyewe pia hayako sawa. Yapo yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa katika shinikizo dogo la hewa ili kutenga THC, kiini kinacholevya, na karibu kila kitu kingine. Haya ni mazito mno, na ndiyo maana watengenezaji huyarudishia terpini, vitu vyepesi vinavyoleta harufu ya mmea na ambavyo pia hupunguza mnato. Yapo mengine yanayotolewa kwenye mmea uliogandishwa ukiwa mbichi, ambayo wauzaji huyaita laivu rezini; hayo huwa na terpini nyingi zaidi na mara nyingi ni mepesi, lakini yanaweza kuota chembechembe za fuwele yakikaa muda mrefu. Mafuta yenye CBD nyingi, kiini kingine cha bangi ambacho hakilevyi, yana tabia hiyohiyo ya fuwele, kwa sababu CBD iliyotakaswa ni unga mgumu katika joto la kawaida la chumba. Mtu akiona mawingu meupe au punje ndani ya kichupa, mara nyingi anachokiona ni fuwele, na fuwele hizo zikijikusanya kwenye matundu ya kuingizia mafuta, kauri hukosa cha kunywa.

Kuziba kunakotokea mara nyingi zaidi huanzia juu, kwenye mdomo. Mvuke unapopanda hukutana na plastiki iliyopoa, na sehemu yake hurudi kuwa matone kabla haijamfikia mvutaji. Mtu akiinamisha katriji kwenye mwanga na kuchungulia ndani ya mdomo wake baada ya siku mbili za matumizi, ataona duara la rangi ya kahawia lenye utelezi limeshika ukuta wa ndani. Hilo ndilo tabaka linaloongezeka kila anapovuta, na usiku likipoa hujikaza mpaka tundu linakwisha. Katika nyumba yenye joto la kutosha tabaka hilo huchukua muda kujaza njia. Katika gari lililoachwa nje Minneapolis usiku wa Januari, ambako baridi hushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri bila mtu kushangaa, mvuto mmoja wa mwisho wa jioni unatosha kuacha kizibo.

Aina ya pili ya kuziba husababishwa na mvutaji mwenyewe. Anayevuta kwa nguvu hupunguza hewa ndani ya bomba ghafla, na mafuta yasiyokuwa na muda wa kugeuka mvuke hupenya kwenye kauri yakiwa bado kimiminika na kujaza bomba la kati. Husikika sauti ya kububujika, wakati mwingine tone chungu huufikia ulimi, kisha njia hufungwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu huyo, akishaona pamefungwa, huongeza nguvu ya kuvuta, na hivyo hurudia kitendo kilichomfikisha hapo. Katika kifaa cha kutumia mara moja madhara huenda mbali zaidi, kwa kuwa mafuta yakishuka hadi kwenye kihisio cha hewa, kifaa kinaweza kuzimika moja kwa moja ingawa betri imejaa.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo wengi hawalifikirii. Ndani ya kila katriji iliyokwishaanza kutumika kuna kiputo cha hewa. Shinikizo la nje likipungua, kiputo hutanuka na kuyasukuma mafuta kupitia kauri hadi kwenye bomba. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara kuu ya I-70 inayoelekea kwenye milima ya kuteleza kwenye theluji hupanda hadi karibu mita 3,400. Katika safari hiyo ya saa moja na ushei, hewa iliyofungiwa hutaka kutanuka kwa kama robo ya ujazo wake. Katriji iliyojaa ina kiputo kidogo na husumbuka kidogo. Iliyobaki nusu ndiyo inayovuja, na kinachovuja kikifika juu kwenye baridi hugeuka kizibo. Katika ndege hali ni hiyohiyo, kwani shinikizo la ndani ya ndege za abiria hulingana na mwinuko wa hadi mita 2,400. Hata hivyo anayesafiri angani ana la kuhofia zaidi kuliko kuvuja: kwa sheria ya shirikisho la Marekani bangi bado imekatazwa hata kwa anayeruka kutoka jimbo moja lililoihalalisha hadi jingine, na anayekuja nyumbani kupitia Dubai au Doha anapita katika nchi ambazo sheria zake za dawa za kulevya ni kali. Asiye raia wa Marekani aelewe pia kwamba mwongozo wa idara ya uhamiaji uliotolewa Aprili 2019 unasema matumizi ya bangi yanaweza kuzuia ombi la uraia, hata kama yalifanyika katika jimbo linaloyaruhusu.

Kabla ya kuzibua, ni vyema kuhakikisha kwamba kweli pameziba. Vuta polepole bila kubonyeza kitufe. Hewa isipopita, au ikipita kwa shida, ni kizibo. Hewa ikipita vizuri lakini mvuke haupo, tatizo liko kwenye umeme, na kuchokonoa mdomo wa katriji hakutasaidia chochote: huenda skrubu imepakaa mafuta, au kile kitufe kidogo cha chuma kilicho katikati ya betri kimedidimia na hakigusi tena kitako cha katriji. Kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti husafisha sehemu zote mbili, mradi betri izimwe na spiriti iachwe ikauke kabisa kabla ya kuunganisha tena. Kuna watu wanaotupa katriji nzima kwa sababu ya uchafu ambao pamba moja ingeuondoa.

Kikiwa kizibo, dawa yake ya kwanza ni joto la wastani na subira. Katriji ishikwe kwenye kiganja kilichofumbwa kwa dakika kadhaa, au iwekwe kwenye mfuko wa ndani wa nguo, kisha ijaribiwe kwa mivuto mifupi na myepesi bila umeme. Betri nyingi za siku hizi zina hali ya kupasha taratibu, ambayo aghalabu huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili. Hutoa umeme mdogo kwa sekunde kumi au kumi na tano hivi, na joto hilo hupanda kupitia bomba na kuyalegeza mafuta bila kuyaunguza. Mzunguko mmoja usipotosha, subiri kidogo kisha rudia wa pili. Anayetumia kifaa kisicho na kitufe anaweza kuelekeza hewa ya draya ya nywele kwenye mdomo wa kifaa kwa sekunde chache, draya ikiwa katika kiwango cha chini kabisa. Kwa katriji iliyotenganishwa na betri, njia nyingine ni kuiweka ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, kuufunga vizuri, na kuuzamisha kwenye maji ya moto unaovumilika mkononi.

Mafuta yakishalegea ndipo kijiti cha meno kinapofaa. Kiingizwe kwenye tundu la mdomo kwa wima, kizungushwe taratibu kikigusa kuta, kitolewe, kifutwe kwa karatasi laini, kisha kirudishwe. Kitatoka na uzi wa mafuta unaovutika, na baada ya mara tatu nne uzi huo huisha. Lengo ni kuyatoa mafuta nje, si kuyasukuma ndani. Sindano ndefu au waya wa klipu hufanya kazi ileile kwa hatari kubwa zaidi, kwa sababu katika katriji nyingi bomba limenyooka hadi kwenye kauri, na kauri ikipasuka hakuna wa kuiunganisha. Katriji ambayo mdomo wake hufunguka kwa kuzungushwa hurahisisha kazi yote, ila asiyejua kama wake unafunguka asitumie koleo kujua. Baada ya hapo katriji isimamishwe wima kwa muda, mdomo ukiwa juu, ili mafuta yaliyopanda yarudi chini na kuzunguka kauri tena.

Kiberiti hakifai hata kidogo: moto wa wazi hupasua kioo, huyeyusha plastiki, na hupasha upande mmoja tu. Tanuri la maikrowevu na chuma haviwekwi pamoja. Kupuliza kwa kinywa huonekana jambo la busara, lakini hupeleka mafuta kwenye matundu ya hewa yaliyo chini na kutoka hapo kwenye betri. Na kuendelea kubonyeza kitufe wakati hewa haipiti ni kosa kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa hewa inayopita ndiyo inayoipoza kauri. Isipopita, joto hupanda na mafuta huungua palepale. Ladha ya kuungua haitoki tena. Isitoshe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Oregon, walionyesha mwaka 2017 kwamba terpini zikipashwa kwenye joto kubwa mno hutoa sumu kama methakrolini na benzini. Kuvuta mvuke hakujawahi kuwa salama kwa mapafu, hata kifaa kikiwa kizima. Kuvuta masalia yaliyoungua ni kuongeza madhara bila faida yoyote.

Hapa tunafika kwenye lile la kuongeza mafuta mengine, na kwenye imani kwamba uzito wa mafuta ni cheti cha usafi. Mambo haya mawili yana historia moja, nayo si ya kufurahisha. Kwa miaka kadhaa wanunuzi wa Marekani walikuwa na kipimo chao: unapindua katriji juu chini, unatazama kiputo cha hewa, na kikipanda kwa uvivu unahesabu kuwa mafuta hayajachakachuliwa, kwa sababu waliokuwa wakiyazimua walitumia vimiminika vyepesi na kiputo kilikimbia. Wauzaji wa magendo walikielewa kipimo hicho vizuri kuliko wateja wao. Walitafuta kitu kizito, kisicho na harufu, chenye rangi inayofanana na mafuta ya bangi, wakakipata katika asetati ya vitamini E, ambayo hutumika kwenye losheni na vidonge na ambayo ikimezwa au kupakwa kwa kawaida haileti shida. Wakazimua nayo, na kiputo kikaendelea kutembea kwa madaha kama kawaida.

Katikati ya mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea watu, wengi wao vijana, wenye kikohozi, homa na mapafu yanayoshindwa kupitisha hewa. Kufikia tarehe 18 Februari 2020, taasisi ya serikali ya udhibiti wa magonjwa, CDC, ilikuwa imehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Majimaji yaliyochukuliwa mapafuni mwa wagonjwa 51 yalipopimwa, asetati ya vitamini E ilikutwa kwa 48 kati yao, na haikukutwa kwa watu wenye afya waliopimwa kwa kulinganisha. Wagonjwa wengi walikuwa wametumia bidhaa zenye THC zilizonunuliwa nje ya maduka yenye leseni.

Baada ya hayo, anayesema kwamba katriji iliyoziba ni katriji safi anarudia kipimo kilekile cha kiputo kwa maneno mengine. Uzito unaeleza jinsi mafuta yanavyotiririka na hauelezi yametengenezwa kwa nini. Mafuta mazuri yenye terpini nyingi yanaweza kuwa mepesi na yasizibe hata siku moja, na mchanganyiko mchafu unaweza kuwa mzito kama lami. Kinyume chake pia ni kosa: kuziba peke yake si ushahidi wa bidhaa bandia, kwani baridi ya usiku mmoja haichagui. Na kwa sababu hiyohiyo, kuongeza mafuta ya nazi, gliserini, mafuta ya alizeti au chochote cha jikoni ili kulainisha katriji ni jambo la kukataa kabisa, maana mafuta yanayoliwa bila madhara yakiingia mapafuni yanaweza kusababisha uvimbe ambao madaktari huuita nimonia ya mafuta.

Kinga ya kuziba ni fupi kuieleza. Katriji isimame wima, mdomo juu, katika chumba chenye joto la kawaida, mbali na dirisha la jua, kwani joto kali nalo huyafanya mafuta kuwa mepesi mno yakavuja. Kabati lenye kufuli ndilo mahali pake, hasa nyumba ikiwa na watoto. Mvuto uwe mwepesi na wa taratibu, betri ikiwa kwenye volti za chini. Betri nyingi huruhusu kuchagua kati ya volti 2.4 na 4 hivi, na kukimbilia juu hakuongezi kitu ila mvuke mwingi wa kuganda mdomoni. Baada ya mvuto wa mwisho, kitufe kiachwe na hewa tupu ivutwe kidogo ili kuondoa mvuke uliobaki njiani, kisha mdomo ufutwe kwa kitambaa kabla haujapoa. Kati ya tabia zote nilizozitaja, hii ya hewa tupu ndiyo ningeichagua kama ingebidi kuchagua moja, kwani huondoa kizibo kikiwa bado mvuke.

Inayoziba kila siku licha ya kutunzwa vizuri huenda ina kasoro ya kiwandani, na hapo mteja asipoteze kijiti cha pili. Arudi dukani na kifungashio chake, kwa sababu namba ya toleo iliyochapwa juu yake ndiyo inayomwezesha muuzaji kujua kama wengine wamerudisha za kundi hilohilo, na ndiyo inayounganisha katriji na majibu ya maabara. California, kwa mfano, tangu mwisho wa mwaka 2018 hulazimisha bidhaa za kuvutwa kupimwa metali nzito, na kwa risasi kikomo ni maikrogramu 0.5 kwa kila gramu. Kipimo hicho kina maana hapa kwa sababu risasi inaweza kutoka kwenye shaba ya katriji yenyewe na kuingia kwenye mafuta yaliyokaa humo kwa muda mrefu. Katriji isiyo na namba ya toleo wala jina la maabara haina wa kuirudishia, na ikiziba inapaswa kutolewa kwenye betri na kutupwa, si kuzibuliwa.